Namba Thelathini na Nne

Mume wangu Des ana orodha. Zamani ilikuwa karatasi, sasa kaivisha plastiki ngumu na kuitundika nyuma ya mlango wa karavani, ile nyumba ya magurudumu tunayoivuta kwa gari, na kalamu yake imefungwa kwa kamba isipotee. Ina mistari thelathini na minne. Kabari za magurudumu, mtungi wa gesi, turubai la kivuli kukunjwa na kufungwa, kasha la barafu, dawa za presha. Aliyeshughulikia kitu anatia tiki na herufi yake pembeni, D au L. L ni mimi, Lorna. Na sheria ni moja tu: huweki tiki mpaka mkono wako umekigusa kitu chenyewe.

"Kuona hakutoshi," Des husema. "Gusa."

Kwa hiyo miaka thelathini na moja, kila Januari kabla ya kwenda pwani, nimesimama uani kwetu Horsham nikipapasa mtungi wa gesi kama naupima homa. Nimeolewa, nitafanyaje?

Wa mwisho kwenye orodha ni Clive. Clive ni mbwa wa kondoo ambaye hajawahi kuchunga kondoo hata mmoja. Ana miaka kumi na mitatu na mizigo yake inazidi yangu. Ana kitanda cha safari, na ana kitanda cha nyumbani ambacho lazima nacho kisafiri, maana bila hicho halali kwenye kile cha safari. Ana taulo tatu. Ana boya la kuvaa asizame, na hajawahi kuingia baharini zaidi ya kifundo cha mguu. Ana feni yake. Mimi sina feni yangu.

Mwaka huu nilikuwa naugusa ule mtungi kwa moyo wangu wote, na sababu ni binti yetu Jodie. Januari iliyopita Des aliondoa gari kambini turubai likiwa bado limetandazwa, akalikokota mpaka lango kuu huku watu wakipunga mikono, naye akiwapungia. Kisha mwezi wa sita, kwenye baridi, daktari alimpa maneno matatu ayakumbuke kwa dakika tano. Alikumbuka moja. Jodie akaja kutoka Melbourne, akaketi jikoni, akasema, "Baba, safari moja tu zaidi. Mkisahau kitu kimoja cha maana, karavani inauzwa. Naogopa kuwaokota barabarani."

Jodie si mbaya. Anaogopa, na mimi pia naogopa. Lakini ile karavani Des aliifunga kila skrubu mwenyewe, na ukimwondolea hiyo sijui atabaki akiamkia nini asubuhi. Alimjibu, "Sawa, mwanangu," akaenda gereji akakaa huko mpaka chai ikapoa.

Basi asubuhi ya safari mzee alikuwa makini kuliko rubani. Alifika namba kumi na mbili, akaanza upya toka moja kwa sababu simu ililia katikati. Sikuthubutu kucheka. Clive naye, kila mlango ukifunguliwa, anaruka ndani ya karavani na kulala juu ya mashuka niliyoyapiga pasi. Mara ya nne nikamshika mkanda wa shingo, nikamfungia kwenye chumba cha kufulia na bakuli la maji.

"Namba thelathini na nne!" Des akaita. "Clive?"

"Niachie mimi huyo, mzee. Namchukua sasa hivi."

Na kwa vile nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni pa orodha, nikatia tiki. Nikaandika L. Kisha nikakumbuka miwani yangu ya jua, nikaenda kuitafuta, na ilikuwa kichwani.

Tukaondoka saa moja na robo. Kiti cha nyuma kilijaa vitanda viwili, feni, taulo na gunia la chakula mpaka darini, kiasi kwamba Clive mwenyewe asingeonekana hata angekuwepo. Njiani nilimsifu jinsi alivyotulia. Nilisema, "Umri umemfunza adabu." Des akasema ndiyo, siku hizi hata hakoromi.

Mjini Hamilton huwa tunasimama kwa mwoka mikate yule yule. Des hununua pai mbili za nyama, na mkate wa soseji wa Clive, bila sosi kwa sababu ya tumbo lake. Akafungua mlango wa nyuma na soseji mkononi.

"Clive," akakiambia kitanda.

Akainua taulo ya kwanza. Akainua ya pili. Akainua ya tatu taratibu sana. Kisha akashusha mkono, na uso wake sitausahau, maana ulizeeka pale pale mbele ya pai.

"Lorna," akasema, "nimemsahau mbwa."

Simu yangu ikalia. Ni Jodie. Jirani yetu Voula alikuwa amesikia kubweka kwenye chumba cha kufulia, na Voula ana namba ya Jodie kwenye friji kwa mambo kama hayo hasa.

"Mama, niweke kwenye spika. Baba yupo? Baba, umemwacha Clive."

"Nimemwacha," Des akasema.

"Tulikubaliana, Baba."

"Tulikubaliana, mwanangu. Utatafuta mnunuzi. Ila mwambie breki za kushoto zinavuta kidogo, asije akasema hatukumwambia."

Hapa nitasema kitu ambacho Des hakijui. Nilinyamaza. Kama nusu dakika nzima nilisimama kwenye jua nimeshika pai, na wote wawili walikuwa wameshaamini, hata mwenye kosa akawa amepatikana na amekiri. Nami ndiye niliyemcheka kwa lile turubai mwaka mzima!

"Ni mimi," nikasema.

"Mama, usimkingie Baba kifua."

"Simkingii mtu kifua. Nilimfungia mimi, nikatia tiki kabla ya kumgusa."

"Mama, tafadhali. Najua unampenda."

"Kumpenda ni jambo jingine. Ngoja hapo hapo."

Nikaingia karavani, nikapiga picha orodha, nikamtumia. Mistari thelathini na mitatu ya kwanza ina tiki zake sawasawa, D, D, D za Des zilizonyooka kama za mwalimu, na L chache zangu za vitu vilivyoguswa kihalali. Mstari wa mwisho una L kubwa yenye mkia, ambayo hakuna mwingine duniani anayeiandika hivyo. Jodie ameiona kwenye kila kadi ya siku yake ya kuzaliwa.

Akaifungua. Kisha Jodie akasema, "Mungu wangu, Mama. Basi labda daktari akuone wewe."

"Atanipa maneno matatu," nikasema. "Yote yatakuwa Clive."

Nikasikia akicheka, kisha akilia kidogo, kisha akipenga kamasi. "Karavani ibaki," akasema. "Rudini mkamchukue mbwa. Polepole."

Des alikula mkate wa soseji wa Clive hadi mwisho, akageuza gari, na kilomita mia na thelathini zote za kurudi alipiga mluzi. Ningempiga kofi. Kila baada ya mji mmoja ananitazama pembeni na kusema, "Hukugusa, bibie."

"Nimesikia."

"Uliona tu."

"Hata kuona sikuona, Des. Endesha gari."

Clive alikuwa amelala juu ya nguo safi, ametafuna vibanio vya nguo kumi na viwili, na alitupokea kama watu waliotoka dukani. Voula alikuwa ukutani kwake amekunja mikono. "Mmesahau na maziwa nje," akasema. Des akamjibu kwamba maziwa hayamo kwenye orodha.

Orodha ikishavunjika huanza upya. Hiyo nayo ni sheria. Kwa hiyo mchana ule, joto likiwa nyuzi thelathini na tisa, tukagusa vyote tena toka kabari. Namba thelathini na nne nilimgusa Clive kwa mikono yote miwili, nikamwinua mbele ya Des aone, kilo ishirini na sita, mgongo wangu ni shahidi. Nikatia tiki.

Nilidhani tumemaliza. Des akaendelea kusimama na kalamu, ulimi pembeni mwa mdomo, akiandika chini kabisa ambako plastiki inaisha. Namba thelathini na tano. Lorna.

"Umeniandika ili usinisahau?" nikamuuliza. Nilitaka iwe mzaha.

"Ndiyo," akasema.

Akaweka mkono wake kichwani pangu, juu ya miwani, akauacha hapo kwa muda. Kisha akatia tiki, akaandika D, na tukaondoka.