Pomboo Aliyepakwa Oili

Pomboo wa karatasi alilala mezani katika ukumbi wa shule, amepakwa oili chafu kutoka gereji moja ya Gatitu, akinuka kwa heshima zote za maonyesho ya sayansi. Katika tundu la pua, juu ya kichwa, Mutahi, mwanafunzi aliyemtengeneza, alikuwa amepitisha mpira mwembamba uliojaa oili, ulioishia mfukoni mwake. Angebinya mara moja tu, oili ingeruka hadi kwenye shati jeupe la Mwalimu Ngatia, naibu wa mkuu wa shule, aliyemwahidi kwamba mzaha mmoja zaidi ungemrudisha kwao Tetu na sanduku lake. Mutahi aliupima uamuzi huo kwa busara inayostahili mambo ya taifa, akaona shati lile lina uzito zaidi kuliko kidato cha nne.

Mada aliichagua kwa busara hiyohiyo: pomboo na mafuta yanayomwagika baharini. Nani huku mlimani angembishia? Alisoma kurasa chache ili asikwame, kisha, pasipo kukusudia, akasoma zaidi.

Hakuwa amewafikiria wazazi waliokuja kutazama. Wengi walikuwa wafugaji, na mfugaji humwulizia kila mnyama mambo yaleyale: anakula nini, ananyonyesha vipi. Mutahi aliwajibu kwa madaha, akingoja Ngatia asogee. Ndipo akasimama Watiri, mama mwenye ng'ombe wawili na sauti ya kanisani.

"Wewe kijana, hiyo maji ikirudi safi, wanashika mimba?"

"Wanashika, mama. Lakini wengi wanatupa mimba. Wengine wanazaa ndama wafu, hata miaka mingi baadaye. Mapafu nayo huwa yameharibika."

Mle ukumbini hapakuwa na mtu asiyejua kungoja ndama.

"Na mama yake, akiona haipumui?" Watiri aliuliza.

Jibu hilo Mutahi alikuwa amelisoma mara nyingi, na alikuwa ameazimia kuliruka, maana lilimharibia mzaha.

"Anamsukuma juu ya maji kwa mdomo, apate hewa," alisema. "Anakaa hivyo siku nyingi."

Watiri akaja mezani, akauliza pua iko wapi. Alipoonyeshwa, akavua kitambaa chake cha kichwa, akazungushia kidole, akaanza kupangusa lile tundu, jinsi wanavyomzibua pua ndama aliyetoka tumboni sasa hivi. Ngatia naye akasogea kutazama, shati likimetameta, karibu kuliko Mutahi alivyowahi kuomba.

Kidole cha Watiri kikasimama.

"Kuna kitu imemziba huku ndani."

Ngatia akauliza ni kitu gani. Mutahi aliutoa mkono mfukoni, umeshika ncha ya ule mpira, akaiweka mezani mbele ya mwalimu wake. Kisha akapiga magoti kwenye oili iliyodondoka sakafuni, akamkumbatia pomboo kichwa kwa mikono miwili ili asitikisike.

"Vuta polepole, mama."