Mashindano ya Fasihi kwenye Malisho ya Kashuga

Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya serikali, Masisi, Jumatatu moja ya Machi 1957, kati ya orodha ya mbwa waliochanjwa na onyo kuhusu kuchoma nyasi. Karani Nzabandora alilipigilia pini nne, akarudi nyuma hatua mbili, akalisoma kwa sauti ili waliopanga foleni ya vibali wajue kwamba yeye Kifaransa anakijua. Kitivo cha fasihi cha chuo kikuu kiliwaalika watu wote kwenye mihadhara minne juu ya wafugaji wa milimani, kila Alhamisi saa kumi alasiri, bila kiingilio. Baada ya muhadhara wa nne kungekuwa na mashindano: mwenyeji mmoja atakayeonyesha vizuri fasihi ya kwao atapewa nafasi ya masomo, na kitanda na chakula kwa miaka minne. Chuo chenyewe kilikuwa mbali kiasi kwamba hakuna hata mmoja kwenye foleni ile aliyewahi kuonana na mtu aliyekiona.

Kayitare, mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule ya misheni Kashuga, alilisoma tangazo mara tatu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na saba kati ya hiyo aliitumia kuwakaririsha watoto majina ya mito ya Ubelgiji, mito ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kunawa hata kidole ndani yake. Alikuwa ameichoka. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na alijua anacho cha kuonyesha: sifa za ng'ombe Bihogo, alizozitunga marehemu baba yake, mistari sitini na miwili.

Alhamisi ya kwanza ukumbi wa mihadhara ulikuja wenyewe. Ulitua kwenye malisho ya mama yake, Mukakalisa, ng'ombe walipokuwa wanarudi kukamuliwa. Ulikuwa na kuta za matofali, madirisha kumi na mawili, ngazi za mawe, na wazungu themanini ndani waliokwisha kukaa na kukunja miguu. Mukakalisa aliuangalia, akakadiria nyasi zilizolaliwa, akawahamishia ndama ng'ambo ya kijito. Saa kumi na mbili ukumbi uliondoka.

Kabla haujaondoka, Kayitare alipofika mlangoni alimkuta Nzabandora na meza ndogo. Hakuna aliyemtuma. Watu wa aina yake hawatumwi. Wakiona mlango tu, wanakaa mbele yake.

"Karte," alisema Nzabandora.

"Papa karani, tangazo inasema batu bote."

"Njo batu bote benye karte."

Karte, kitambulisho cha waliostaarabika, ilitolewa na kamati iliyopita nyumba kwa nyumba ikihesabu uma. Kwa Mukakalisa ilikuwa imekuta vyombo vya maziwa mahali ambapo uma zilipaswa kukaa, ikaandika jambo fulani kwenye daftari na kwenda zake. Kwa hiyo Kayitare alisikiliza mihadhara mitatu kupitia dirisha la saba, miguu kwenye matope. Profesa alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Alieleza kwamba mfugaji wa milimani anampenda ng'ombe kwa kuwa akili yake haijafika kwenye vitu visivyoshikika. Wasikilizaji waliandika. Ng'ombe mmoja wa Mukakalisa alijikuna pembe kwenye kona ya jengo mpaka profesa alipomaliza.

Siku ya mashindano Kayitare alivaa viatu vyake vya misa, akamwogesha Bihogo, akampaka siagi kwenye pembe, akampeleka. Kwa watu wake sifa za ng'ombe hazisemwi ng'ombe akiwa hayupo. Huko ni kumsengenya. Na zikianzwa hazikatwi hadi jina la mwisho.

"Ngombe haina karte," alisema Nzabandora.

"Hata mi sina."

"Basi muko sawasawa."

Majaji watatu walishauriana na, kwa kuwa walijiona watu wenye roho kubwa, waliamuru dirisha la saba lifunguliwe. Kayitare alisimama nje, fimbo mkononi, Bihogo pembeni yake, akaanza. Alisema vizuri. Ng'ombe wote wa kilima waliacha kula. Alipofika mstari wa thelathini na mmoja, jaji aligonga kengele, maana dakika tano za kila mshindani zilikuwa zimekwisha, na Kayitare akanyamaza. Alikuwa mwalimu, kwa miaka saba alikuwa mtu wa kunyamaza kengele ikilia. Alipokumbuka kwamba hapaswi kunyamaza, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Bihogo aliendelea kusimama kichwa juu, akingoja mengine.

Nafasi ya masomo ilimwendea mwanafunzi wa profesa aliyekuwa ameandika mistari ile thelathini na mmoja kwa kalamu na kuisoma vizuri, ameketi. Alikuwa amezaliwa Goma, kwa hiyo alihesabiwa mwenyeji. Profesa aliongeza kwamba, kama kila mtu alivyosikia, mashairi ya milimani hayana mwisho.

Kuanzia siku hiyo Bihogo hakutoa maziwa. Kayitare alijaribu kumalizia sifa nyumbani, lakini ng'ombe aligeuza uso kuelekea malishoni. Kile kilichokatwa pale alitaka kukisikia palepale.

Barua ya kitivo ilifika baada ya wiki mbili. Mihadhara ilikuwa imependwa na ingeendelea, na mwalimu Kayitare alipewa nafasi yake pia: kukaa kwenye kiti jukwaani, yeye na ng'ombe, kama mfano. Mfano hauhitaji karte. Nzabandora mwenyewe aliwafungulia mlango, akampisha Bihogo kwanza.

Alhamisi hiyo profesa alihutubia juu ya sababu zinazowafanya wenyeji wa milimani wasifike chuo kikuu. Kila alipotaja sababu alimgusa Kayitare begani kwa kijiti. Mara moja tu Kayitare alifungua kinywa kusema mstari wa thelathini na mbili, na jaji yuleyule akagonga kengele. Ukumbi ulipiga makofi, kisha ukaondoka, ukawaacha yeye na Bihogo wamesimama kwenye nyasi.

Mukakalisa alikuwa anakamua ng'ombe waliobaki.

"Uliingia?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Niliingia, mama."

"Na maneno ya baba yako, ulimaliza?"

"Mufano haisemake, mama."

Mukakalisa aliendelea kukamua. Kayitare alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akavipangusa matope kwa nyasi, akaviweka tayari kwa Alhamisi.