Jozi ya Kumi na Nne

Ziara ya darasa la nne kwenye mtambo wa kusafisha maji niliiandaa mimi mwenyewe, na sikutaka mtu aniharibie, hasa wifi yangu. Mwanamke huyu, dada wa mume wangu, tunakaa naye ua mmoja, milango inatazamana, na huu ni mwaka wa pili hatusemezani. Alitangaza mbele za watu kwamba nimemkalia kaka yake kichwani. Haya! Tangu siku hiyo nampita kibarazani kama sijaona mtu.

Binti yangu na binti yake wako darasa moja, darasa langu. Sasa mkuu wetu wa shule, ambaye hajui kukaa bila kujipendekeza kwa wazazi, akaamuru wawe jozi moja safarini, eti kwa kuwa wanatoka nyumba moja. Nilimeza hasira zangu nikaandika: jozi ya kumi na nne.

Jozi ni utaratibu wangu. Kuhesabu watoto sitini wanaorukaruka ndani ya basi ni wazimu, kwa hiyo wanakaa wawiliwawili, naita namba, na mmoja anajibu "Wote!" kwa niaba ya mwenzake. Dakika mbili tu, basi limeondoka. Walimu wengine wameniiga, na wakisifiwa wanajifanya wamebuni wao.

Mtamboni tulipokewa na fundi aliyevaa buti za mpira. Alituonyesha mabwawa makubwa yaliyo wazi juu, maji yakizunguka taratibu, na ukuta mfupi ambao mtoto mtundu anaupanda bila shida. "Humu hata anayejua kuogelea hatoki mwenyewe," akasema huku anacheka. Mjinga kabisa. Nilimwambia aendelee na somo, vichekesho akawachekeshe wa kwao.

Saa tisa tukapanda basi. Nikaita namba.

"Kumi na nne?"

"Wote!" Sauti ya binti yangu, kali kama yangu.

Tukaondoka. Tulipofika shuleni wazazi walikuwa wamejaa getini. Watoto wakashuka, kila mmoja akachukuliwa na wake, mpaka wifi akabaki amesimama peke yake. Akanijia.

"Wangu yuko wapi?"

Miaka miwili, na hilo ndilo neno la kwanza. "Ameshuka. Fungua macho umtafute," nikamjibu.

Hakuwa ameshuka. Ndani ya basi tulikuta mkoba wake tu, chini ya kiti.

Tulirudi mbio na basi lile lile: mimi, wifi, binti yangu, na dereva tunayemwita Mzee Polepole, ambaye siku hiyo alikanyaga mafuta mpaka madirisha yakatetemeka. Wifi hakukaa. Alisimama akinitikisia kidole usoni.

"Umemwacha makusudi! Chuki zako na mimi umezimalizia kwa mtoto! Akipatwa na lolote utanitambua!"

"Koma!" nikasema. "Mwanao hasikii la mtu. Ulimfundisha nini zaidi ya kuzurura?"

Nilisema hivyo nikiwa nayaona yale mabwawa kichwani mwangu. Najua. Lakini nilitaka kumshinda, hata hapo.

Nikamgeukia binti yangu, nikamkamata bega. "Na wewe! Ulijibuje 'Wote' wakati mwenzako hayupo?"

Alikuwa analia kwa kwikwi. "Sikumtazama, mama. Ulisema nikimtazama au nikimsemesha utanichapa. Nilitazama dirishani siku nzima."

Wifi akakaa. Mzee Polepole alinitazama kwenye kioo, kisha akarudisha macho barabarani.

Getini mlinzi aliapa hajaona mtoto. Wifi alikimbilia mabwawani akiita jina la mwanawe kwa sauti ambayo hadi leo naisikia. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba ya pampu, kwenye vyoo vya wageni. Pampu zilikuwa zinanguruma, mtu huwezi kujisikia mwenyewe. Mlango mmoja ulikuwa unatikisika kwa ndani.

Kitasa kilikuwa kimekwama. Niliupiga mlango teke, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ukafunguka. Alikuwa mzima. Viganja vyake vilikuwa vimevimba kwa kugonga, na sauti ilikuwa imemkauka kabisa. Nilinyoosha mikono nimkumbatie, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Anti, sikumsemesha," akasema kwa kunong'ona. "Nilibanwa na mkojo, nikaja peke yangu bila kumwambia, ili usimchape."

Wifi alikuwa amefika mlangoni, anahema, na aliyasikia yote. Akanipita, akamwinua mwanawe, akavua kitenge chake cha begani akamfunga viganja vilivyovimba taratibu, kimoja kisha cha pili. Binti yangu alikuja mbio akamwita binamu yake kwa jina, halafu akasita, akanitazama kwanza mimi kuona kama nitaruhusu.

Nilisimama pale nikingoja wifi anitukane. Hakunitukana.