Maji ya Kulia Mara Tatu

Ziwa lilikuwa limetapika. Hadiya hakuwa na neno jingine la kulieleza. Asubuhi ile alisimama mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, na ndoo yake, pindo la mtandio likiwa puani, akitazama matapishi yenyewe. Kutoka mchangani hadi pale mitumbwi ilipofungwa, maji yalifunikwa na utando wa kijani, mzito kama rangi ya mafuta iliyomwagwa na fundi mlevi. Mawimbi hayakupiga. Yalijikunja tu chini ya utando, yakaunyanyua, yakaushusha, kama tumbo la mtu anayetafuta pa kutapikia tena. Pale ulipokaukia juu ya mawe uligeuka buluu iliyopauka. Na harufu yake, Mungu atusitiri, ilikuwa ya banda la nguruwe ambalo mtu amelitupia mchicha uoze humo humo.

Ukingoni walilala bata watatu wa Odeta, jirani yake, mwanika dagaa. Shingo zimenyooka, midomo wazi, na ndani ya midomo kijani kile kile.

"Nimewekewa sumu," Odeta alisema, mikono kiunoni. "Na aliyeiweka namjua hadi jina."

"Walikula nini?"

"Hawakula. Walikunywa tu maji hapa, jana jioni, mimi nawaona."

 Hadiya alivua ndala, akaingia hadi magotini, akapasua utando kwa kata ili achote chini yake. Utando ulijitenga, kisha ukajifunga tena polepole, ukamshika miguu. Uliteleza vidoleni kama makamasi. Makamasi ya mwanawe alikuwa akiyafuta kwa kidole mara ishirini kwa siku bila kuwaza. Haya yalimsisimua mwili mzima. Alijaza ndoo hivyo hivyo, kwani bomba halijafika mtaa wao, na nyumbani kulikuwa na mtoto mgonjwa aliyetakiwa anywe maji kwa wingi.

Mtoto huyo ni Yunus, miezi tisa, meno mawili. Tangu Jumapili alikuwa hakai na kitu tumboni. Anatapika, anaharisha, midomo imemtoka vipele. Zahanati walimpa pakiti za chumvi ya kuzuia kuharisha, na muuguzi akasisitiza: changanya na maji yaliyochemshwa. Hadiya alikaribia kucheka. Nani katika mtaa ule angefundishwa kuchemsha maji mbele ya mama mkwe wake?

Mama mkwe huyo, Bi Mwanaharusi, alikuwa na utaratibu wake, na mtaa mzima ulikuwa ukiujua. Maji yalichujwa kwa kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nane. Yakatiwa kwenye sufuria kubwa, yakachemka hadi kifuniko kigonge, yakaepuliwa, yakatulia, yakarudishwa motoni. Hivyo mara tatu. Yeye aliita kuyaliza. "Maji yasiyolia mara tatu," alikuwa akisema, "mpe adui yako." Kila mwanamke aliyejifungua kutoka mwaloni hadi mlimani alipelekewa dumu la maji ya Bi Mwanaharusi, bure, siku arobaini. Ilikuwa sadaka yake. Wapo waliomwita Mama Maji, naye hakukasirika.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Lete tuyalize, mjukuu wangu ana kiu."

Asubuhi ile kitambaa kilitoka kwenye ndoo kikiwa na tope la kijani, kinachuruzika. Bi Mwanaharusi alikikamua bila kukunja uso. Maji yakalia mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila yalipolia, povu lilipanda lenye rangi ya mkojo wa mgonjwa, na jiko lote likanuka udongo wa kaburi. Hadiya alipoonja kijiko na kukunja uso, aliambiwa asiwe na kinyaa cha mwanafunzi wa jioni. Wakachanganya dawa, wakampozea Yunus kwenye kikombe. Mtoto alikunywa kwa pupa, maskini, mikono yote miwili ikishika kikombe. Robo saa baadaye alimtapikia mama yake kifuani, na matapishi yalikuwa na kijani.

"Homa ya meno," Bi Mwanaharusi alisema, lakini sauti yake ilikuwa chini. "Mwongeze."

Hadiya alitazama kijani kile kwenye kanga yake, akakumbuka midomo ya bata.

Jioni kulikuwa na darasa la watu wazima huko Buzuruga, na alikuwa ameazimia kutokwenda. Sasa alikwenda, na si kwa ajili ya mtihani. Alimwacha Yunus kwa bibi yake, akamwomba asimpe kitu hadi arudi, akasingizia kwamba muuguzi amesema tumbo lipumzike. Kwenye pochi alibeba chupa ya jamu iliyojaa maji ya mwaloni, imefungwa kwa mifuko miwili.

Mwalimu Antoni, wa baiolojia, alipofungua kifuniko, dawati la mbele lote lilihamia nyuma.

"Hadiya, choo kiko nje," mmoja alisema. "Umeamua kutuletea?"

"Hujakosea sana," mwalimu alisema. Aliinua chupa kwenye mwanga. Ndani, vijipunje vya kijani vilipanda juu kama vina haraka. "Mnajua dagaa anakula nini? Anakula vijidudu vya majini, na hivyo vinakula vijimea vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Vikikosekana ziwani, sisi wote hapa hatuna kitoweo. Ubaya ni karamu tunayoviandalia. Mvua inaosha vyoo vyetu vya mteremkoni, samadi, mbolea ya mashamba, vyote vinashuka ziwani. Jua kali, upepo umelala, maji yana joto kuliko yale ya zamani. Basi wanaopenda hali hiyo wanafurika na kuwafunika wenzao. Hawa wa kijani ni aina ya bakteria, na baadhi yao wana sumu. Inaumiza ini, inaumiza tumbo."

Kwa hiyo ziwa halikutapika vyake, Hadiya aliwaza. Lilitapika vyetu.

"Mwalimu, tukiyachemsha?"

"Bakteria atakufa."

"Na sumu?"

"Sumu ameifungia ndani ya mwili wake. Ukimchemsha unampasua, inamwagika yote kwenye maji. Moto hauiondoi." Akafikiri kidogo. "Ukichemsha supu, chumvi inakwenda wapi?"

Hadiya aliiona sufuria. Akaona kifuniko kikigonga mara moja, mara mbili, mara tatu, na mikono miwili midogo imeshika kikombe. Alitoka nje, akashika ukuta, akatapika hadi machozi. Kilichomchefua zaidi kuliko utando, kuliko bata, ni kwamba alikuwa ameikoroga dawa mwenyewe, akaipuliza ipoe.

Hakurudi darasani. Stendi alinunua chupa mbili za maji ya dukani, akafika nyumbani mwadhini akiita Magharibi. Alichanganya pakiti kwa maji hayo, akamnywesha Yunus kijiko kimoja kimoja. Hakutapika. Lakini chupa mbili ni za siku moja. Na kwenye nyumba ya Shigela, aliyejifungua wiki iliyopita, kulikuwa na dumu.

Amwambieje? Mkwe hamwambii mama mkwe kwamba sadaka yake ni sumu. Angeweza kumpigia mumewe, Abdillah, aliyekuwa Misungwi kwenye kazi ya ujenzi, lakini Abdillah angesema, ongea naye taratibu, kisha angekata simu.

Asubuhi alipika maji. Maji safi kutoka kwenye chupa, kikombe kimoja, ndani yake vijiko viwili vya chumvi. Bi Mwanaharusi alimkuta akiyaepua na kuyarudisha.

"Unaliza kikombe kimoja? Wewe umekuwa mchoyo lini?"

"Yamelia mara tatu, Mama. Nimeyahesabu. Naomba uonje."

Mama mkwe alionja, akatema hapo hapo jivuni. "Chumvi tupu. Unanichezea?"

"Nilitia chumvi kabla sijayaliza. Nilidhani moto utaitoa."

"Moto utatoaje chumvi? Si inazidi kukolea? Huko shuleni mnafundishwa nini..."

 Bi Mwanaharusi hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Alitazama sufuria kubwa. Ukutani mwake kulikuwa na mstari wa kijani, mahali povu lilipofika, ambao majivu na kifuu havikuutoa.

"Sema," alisema.

Hadiya alisema. Bata, chupa ya jamu, sumu iliyofungiwa. Alisema akitazama chini, na Yunus mgongoni akimvuta sikio.

"Watoto sita nimewalea kwa maji haya."

"Kwa maji yale, Mama. Siyo haya."

 Mwanamke yule mnene, anayetembea kwa heshima, aliinama jikoni na kuziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimpanda. Hadiya alimshika. "Niache," alisema. "Nilikuwa namwambia mtoto anywe amalize." Akanawa uso kwa yale maji ya chumvi bila kujali, akajifunga kanga. "Shigela ana dumu langu. Na wale wawili wa mlimani. Twende."

Walipita nyumba kwa nyumba. Bi Mwanaharusi hakuleta visingizio. "Maji yangu yana sumu ya ziwa," alisema kila mlangoni. "Niliyaliza, nikaikamulia humo. Myamwage, na mtoto akitapika mpelekeni zahanati leo hii." Shigela alidhani ni utani, akacheka. Kisha akamwona usoni, akaacha.

Odeta walimkuta anafukia bata. "Kwa hiyo niliyekuwa namtukana hakufanya kitu?" aliuliza, akatua jembe. "Basi. Nitamwomba radhi kwa jingine, kwa hili nilimtukana kwa siri."

Maji waliyachota kwenye kisima cha pampu nyuma ya msikiti, juu kabisa, mwendo wa kutoa jasho. Yalikuwa na ladha ya misumari. Bi Mwanaharusi aliyaliza mara moja tu, kwa aibu, kama mtu anayesali akiwa amepungukiwa na udhu. Yunus alipoonja alikunja pua, akamtazama mama yake kama aliyesalitiwa, akanywa. Wakasubiri. Robo saa ikapita. Akacheua kwa sauti ya mtu mzima.

"Alhamdulillahi," bibi yake alisema, na ndipo akainuka kukishughulikia kitambaa cheupe. Kilikuwa kimefuliwa mara tano. Bado kilikuwa cha kijani, bado kinanuka nguruwe. Alikibeba kwa ncha za vidole hadi chooni, akakitupa shimoni. Lakini hakurudi. Alisimama mlangoni mwa choo akitazama mteremko, mtaro wa mvua ulivyotoka pale, ukapita nyuma ya kwa Odeta, ukaishia mwaloni.

"Hadiya. Na hiki nacho kitashuka?"

"Mvua ikija, Mama, shimo likijaa. Kitashuka na vingine vyote."

"Vyetu."

"Vyetu."

Bi Mwanaharusi alitafuta fimbo ndefu. Alikivua kitambaa kutoka shimoni uso ukiwa umegeuzwa pembeni, akiguna, akatema mate, kitambaa sasa kikichuruzika vitu ambavyo si vya kusimuliwa, akakitua juu ya mawe.

"Lete kiberiti," alisema. "Na mafuta ya taa. Kisha uniambie shimo kama hili hujengwaje lisivuje. Si unasoma?"

"Hatujafika huko, Mama."

"Basi kesho jioni nenda mapema, ukaulize."

Kitambaa kilikataa kushika moto, kikafuka moshi mchafu uliowakohoza wote wawili. Mgongoni mwa Hadiya, Yunus alipiga kelele, akinyoosha mikono miwili kuelekea kikombe cha maji ya kisima kilichobaki mlangoni mwa jiko.