Jaketi la Hereni Sitini na Tatu

Mpaka siku ile Jumwa alipokuja na jaketi lake, Twaiba alikuwa hajajua kwamba jicho linaweza kuwasha bila kuingiwa na kitu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, katika ua wa fundi wa tairi pale Ukunda, ambako bendi ya Kutu ilikuwa ikifanya mazoezi. Kutu walikuwa wanne na walipiga panki, muziki ule wa gitaa mbio na sauti ya kukwaruza, ambao jirani akiusikia mara ya kwanza hudhani kuna mtu anapigwa. Ziro, mchomeaji vyuma, alikaa kwenye ngoma. Luqman wa Gazi alishika gitaa. Twaiba aliimba. Na Jumwa, msichana mrefu wa Kinango mwenye maneno machache, alikuwa na miezi miwili tu tangu akabidhiwe gitaa la besi.

Sasa ieleweke kwamba kuimba haikuwa kazi kubwa ya Twaiba. Aliimba, ndiyo, lakini kazi yake hasa ilikuwa kuwavika wenzake. Kwao Msambweni alikuwa fundi cherehani, mtu wa madera ya maharusi na sare za shule. Hapo Kutu alikuwa ndiye serikali. Zile suti za mpira za kuzamia baharini, ambazo Diani hutupwa zikipasuka, alizikata akazifanya fulana. Zipu za mabegi ya watalii yaliyovunjika magurudumu alizifumua akazishona kwenye mtandio wake mweusi, mpaka ukawa unalia kila akigeuza kichwa. Mashabiki wao, arubaini hivi ukiwajumlisha na waliokuja kuziba pancha, walikuja kwanza kuangalia Twaiba amevaa nini. Muziki ulifuata baadaye.

Ndipo Jumwa akaingia na lile jaketi.

Lilikuwa la jinzi, kuukuu, la kiume, limefifia mabegani. Kifuani, upande wa kushoto, lilikuwa na hereni kumi na moja za ng'ombe: vile vibao vya plastiki vya manjano vyenye namba, ambavyo mifugo hutobolewa masikioni. Basi. Hakuna zipu, hakuna rangi, na uzi wenyewe ulikuwa wa gunia. Ule ushonaji ulitosha kumfanya fundi ainamishe uso.

"Wallahi!" Luqman akaacha gitaa likining'inia. Luqman huyu hakuwa mtu wa kusifu. Hata biriani ya harusi huila kimya. "Nani kakushonea hilo?"

"Mwenyewe," Jumwa akasema, akachomeka waya wa besi.

"Geuka tukuone."

"Nyuma hakuna kitu."

Hata hilo walilisifu. Nyuma hakuna kitu! Kana kwamba ni ufundi. Msichana mmoja wa mashabiki akampita Twaiba na zipu zake mpya saba, akaenda kugusa kibao kimoja kimoja kifuani mwa Jumwa, akauliza vinapatikana wapi.

"Ni za nyumbani," Jumwa akajibu, akarudi kwenye nyuzi zake.

Twaiba akatabasamu tabasamu la mtu aliyekanyagwa kidole na mkwewe.

Lingeishia hapo, pengine, kama si Purity. Purity alikuwa wa bara, mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na mwenye kamera. Kutu walikuwa wakitoa kaseti yao ya kwanza, na picha ya jalada ilikuwa juu yake.

"Tutaipiga Kinango, ile siku ya soko," akawaambia. "Mbele nataka mtu mmoja tu. Wengine watatu wakae nyuma, waonekane ukungu. Mbele ni mwenye amewaka zaidi, na nitaamua hapo hapo, sitaki kesi."

Akisema hivyo macho yake yalikuwa kwenye hereni. Twaiba aliyaona. Alimwona na Jumwa, akikaza nyuzi za besi kama mtu asiyejua kitu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu ajipitishe, ajitape, upate pa kumshika! Lakini huyu alikuwa akipendeza kimya kimya, kama mwizi.

Kesho yake asubuhi Twaiba alikuwa mlangoni kwa Waziri, mchinjaji wa mtaani kwao.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nyama kiasi gani?"

"Nataka masikio."

Waziri akasimamisha kisu hewani. Alipoelezwa akacheka mpaka kitambi kikatikisika, akamtolea ndoo iliyokuwa nyuma ya mlango. Hereni zilijaa humo, na damu yake kavu na manyoya yake.

"Chukua zote. Siku hizi mwavaa hata haya?"

Alizichukua, akazisugua kwa sabuni na ndimu na majivu. Kwa siku nne sare za shule zilingoja mkekani na wazazi wakapewa hadithi. Alizipanga zikilaliana kama magamba ya samaki, kifuani, mgongoni, mpaka kwenye mikono, kila moja kwa uzi mara mbili wa nailoni. Sitini na tatu. Kumi na moja! Kumi na moja ni za mtu aliyeishiwa. Na kila sauti ndogo ilipomwambia kwamba anaiga, aliijibu kwamba haigi. Anasahihisha.

Kinango waliikuta inawaka jua. Jukwaa lao lilikuwa mgongo wa lori lililoegeshwa kando ya soko la ng'ombe, na vumbi la mifugo lilikuwa likiwafikia hadi puani. Ziro na Luqman, katika zile fulana za mpira, walikuwa wameanza kuiva kabla ya wimbo wa kwanza. Jumwa alivaa jaketi lake, na mara kina mama wakaja kumshika mkono. Bibi mmoja akazipapasa zile hereni moja baada ya moja, midomo ikichezacheza kama anayehesabu, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Hata huku, Twaiba akasema moyoni. Hata vikongwe!

Akaenda nyuma ya lori, akalitoa jaketi lake kwenye mfuko aliokuja nao, akalivaa. Lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Aliporudi, Jumwa alimtazama kutoka mabegani hadi kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, uso wake ulibadilika.

"Twaiba. Zimetoka wapi hizo?"

"Zimeshuka na mvua."

"Nakuuliza kweli."

"Waniuliza kwa sababu zako ni kumi na moja."

Jumwa akasogea karibu, akashusha sauti. "Shoga yangu, ligeuze. Ulivae ndani nje. Hapa si Ukunda."

Loo, utamu uliomwingia Twaiba! Hata tende ya futari haijawahi kumshuka hivyo. Kumbe huyu naye ana nyongo. Kumbe naye analala akigeuka! "Wivu huo, bibiye," akamwambia, akampigapiga begani, akapanda juu ya lori.

Na kweli, alitazamwa. Wimbo wa kwanza haukufika nusu, wanaume wakaacha kamba za ng'ombe wao wakasogea. Hawakuwa wakicheza. Walikuwa wameinua shingo na kukaza macho kama watu wanaosoma tangazo ukutani, na waliokuwa nyuma wakiwauliza wa mbele. Twaiba akaongeza sauti. Purity akawa anapiga picha mfululizo. Jalada langu, Twaiba akawaza. Jalada langu hilo!

Ndipo mzee mmoja akapanda juu ya tairi la lori. Aliitwa Mzee Jefwa. Alikuwa amevaa koti la suti juu ya shuka, na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Simamisheni hizo kelele," akasema, na Ziro akasimamisha. "Geuka, mwanangu."

Twaiba akageuka, tena kwa madaha, kama wanavyogeuka maharusi wake mbele ya kioo. Akasikia ncha ya fimbo ikitua katikati ya mgongo wake.

"Mbili, sufuri, nne, moja, saba," mzee akasoma, taratibu. "Huyu ni Meja. Dume langu jekundu. Waliniibia zizini, mwezi wa Ramadhani."

"Hebu soma ya mkononi!" mtu akapiga kelele.

"Na ile ya bega!"

Watu wakalizunguka lori. Kisha huko nyuma likatajwa neno moja, lile ambalo likitajwa sokoni watu huanza kuangalia chini kutafuta mawe.

"Mimi nimepewa na mchinjaji!" Twaiba akasema. "Msambweni. Anaitwa Waziri. Nitawapeleka mpaka mlangoni!"

"Na za nini kwako?" Mzee Jefwa akauliza. "Ng'ombe unao?"

"Sina."

"Umewahi kuwa naye?"

"Hapana, mzee wangu."

"Basi za nini?"

Twaiba akamtazama Jumwa. Jumwa akaweka besi chini, akaja mpaka ukingoni mwa lori, na watu wakanyamaza, maana yeye walimjua.

"Mzee Jefwa, huyu hajaiba ng'ombe," akasema. Kisha akamgeukia mwenzake, na ndani ya jicho lake mlikuwa na kamsumari. "Lakini kuiba ameiba. Waambie umeiba nini."

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. Twaiba akakiinua, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kusema mbele ya watu.

"Nimeiga jaketi lake," akasema, na spika zikalipeleka neno hilo mpaka kwa mbuzi wa mwisho. "Yeye alivaa akapendeza. Nikamwonea wivu. Nikataka ziwe nyingi kuliko zake."

Yule bibi aliyekuwa akihesabu akaguna.

"Kuliko zake? Mwanangu, hizo zake ni za ng'ombe wa Kenga, babake huyu Jumwa. Walikufa kumi na moja, ukame ule, na wa kumi na mbili hakuwepo. Wewe ulitaka wafe wangapi?"

Mtu mmoja akacheka, bila kutaka. Wa pili akafuata, halafu soko zima likacheka, na waliokuwa na mawe wakayaacha yadondoke kama vitu walivyoviokota kwa bahati mbaya. Twaiba hakucheka. Miezi miwili alikuwa na Jumwa, na hakuwahi kumuuliza habari za kwao. Alichoangalia ni uzi ni wa aina gani.

Afisa wa mifugo akaitwa na daftari lake, akaandika namba na jina la Waziri, ili naye aulizwe ng'ombe alimnunua kwa nani. Watu wanane wakajitokeza kudai hereni zao. Twaiba akazikata moja moja kwa mkasi wake mwenyewe, na ule uzi wake wa mara mbili ukampa kazi. Ya Meja alimkabidhi mzee kwa mikono miwili.

Mzee Jefwa akajaribu kuifunga kwenye koti lake kwa kipande cha kamba. Ikaanguka. Akajaribu tena, nayo ikaning'inia vibaya kama jino. Twaiba alivumilia, akashindwa. Akachomoa pini kwenye mtandio.

"Niruhusu, mzee wangu."

Akaibana upande wa kushoto, juu ya mfuko. Akarudi nyuma hatua mbili, akafinya jicho. Imenyooka mno. Akarudi, akaipinda kidogo tu.

"Mzee, hapo hapo!" Purity akapaza sauti. "Usicheke!"

"Nicheke nini?" Mzee Jefwa akasema, na kamera ikalia.

Kaseti zilipofika Ukunda, Luqman alifungua boksi kwa kisu cha fundi wa tairi. Kwenye jalada alisimama Mzee Jefwa, miwani yake na uzi wake, na kifuani dume lake jekundu. Nyuma yake kulikuwa na watu wanne wa ukungu, huwezi kujua yupi ni yupi.

Twaiba na Jumwa wakaiangalia ile picha kwa muda mrefu, bega kwa bega.

"Kumpendeza kumempendeza," Jumwa akasema.

"Pini ni yangu."

"Na ile miwani?"

"Usinitajie ile miwani. Ningeijua mapema!" Twaiba akalirudisha jalada boksini, akalitoa tena. "Mtazame alivyosimama. Hajali hata kidogo. Mzee yule ana roho mbaya."

Jumwa akacheka, na hereni moja kifuani pake ikalegea. Uzi wa gunia ulikuwa umekatika. Twaiba akaitazama ikibembea, akatoa sindano kwenye ukosi wa nguo yake, akanyoosha mkono.

"Lete hapa. Una uzi ule ule?"

"Upo. Lakini uishone kama nilivyoishona mimi. Vibaya vile vile."

Hakuna kazi iliyowahi kuwa ngumu zaidi kwa fundi yule. Akapitisha uzi kwenye tundu lile lile lililopinda, akauma mdomo ili asilinyooshe.

"Huyu," akauliza bila kuinua macho, "aliitwa nani?"