Abiria Nyuma ya Ghala

Saa nne na nusu asubuhi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ghala la stesheni ya Bulekela, mtu mzima na akili zangu, kisa mkwe. Maduhu, mume wa binti yangu Violeth, ndiye mshika bendera pale. Kwetu mkwe wa kiume haonani uso kwa uso na mama wa mkewe. Tukikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Miaka minne sasa, namjua kwa mwendo tu.

Kutulia sikuweza. Nilikaa kwenye jiwe, nikasimama, nikafungua kanga, nikaifunga tena. Alfajiri muuguzi alinipigia kutoka hospitali, Shinyanga mjini. Violeth atapasuliwa saa nane mchana, mtoto amekaa vibaya, na analia anamtaka mama yake. Maduhu yuko zamu peke yake, hawezi kuiacha reli. Barabara imekatwa na mvua, bodaboda hazipiti. Imebaki treni tu.

Nilikuwa nimeshapanga. Treni ikisimama, nachomoka nimejitanda kanga hadi puani, napanda, heshima imebaki. Maneno yangu na Maduhu hupelekwa na Rhoda, muuza karanga wa pale, lakini siku hiyo Rhoda alikuwa msibani. Namba ya simu ya mkwe sina. Ya nini?

Ndipo nikamsikia Maduhu akiongea kwa simu ya ofisini na stesheni ya jirani. "Hapa hakuna abiria. Nampa dereva bendera ya kijani apite moja kwa moja."

Tangu lini treni inapita bila kusimama? Mara ya mwisho nilipoipanda, Violeth alikuwa bado hajaolewa, na siku hizo ilisimama hata kama hakuna mtu. Nikakohoa. Nikakohoa tena kwa nguvu. Nikarusha kokoto juu ya bati.

"Nyie mbuzi, tokeni huko!" Maduhu akafoka.

Mbuzi! Mimi niliyemzalia mke! Kabla hasira haijashuka, honi ikalia kule konani. Akatoka ofisini na bendera ya kijani mkononi, nyekundu ameibana kwapani.

Nikatoka mbio. "Maduhu! Isimamishe!"

Akageuka, akaniona, akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Bendera zote mbili zikaanguka. "Yaya, mama! Hapana!" akakataa kwa kilugha chetu na kwa Kiswahili, huku akirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta, kisha akaugeukia ukuta wenyewe.

Hakuna aliyenifundisha kazi ile. Niliiokota nyekundu, nikasimama kando ya reli, nikaipunga mpaka mabega yakauma. Breki zikapiga kelele, treni ikasimama.

Nikamrudishia bendera yake. Alinyoosha mkono nyuma kuipokea, uso bado ukutani, mabega yanatikisika.

"Geuka," nikamwambia.

"Siwezi, mama. Ni aibu."

"Violeth ataniuliza hali yako. Nimwambie nini na mimi sijakuona?"

Dereva akapiga honi. Maduhu akageuka taratibu. Kumbe ni kijana tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, machozi yamefika kidevuni. Niliona uchungu, na nikaona haya kwa miaka yote ile niliyomkimbia.

"Shikamoo, mama. Mwambie nilitaka sana kuja."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamfuta machozi kwa kiganja changu, abiria wote wakitutazama madirishani, nikapanda.