Kifundo cha Mama Mwanzo

Wateja walimwita fundi, kwa kuwa alishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yake, lakini jina lililomganda ni lile alilopewa na wifi yake: Mama Mwanzo. Watu husema mwanzo mgumu. Kwake yeye mwanzo ulikuwa mteremko. Mlima ulianza wiki ya tatu. Aliwahi kuanza kufuga kuku, wakaishia sufuriani. Aliwahi kuanza kujifunza gitaa, na gitaa likapandishwa juu ya kabati, likalala huko na vumbi lake. Kwa hiyo alipotangaza, na miaka yake hamsini na ushei, kwamba ataanza kukimbia kila asubuhi kwa sababu ngazi za nyumba yake mwenyewe zinamtoa jasho, wifi aliuliza tu:

"Hadi lini?"

"Hadi nizikwe."

"Basi maziko ni Ijumaa."

Ijumaa ikapita, naye anakimbia. Mwanzoni alikuwa anakimbia vichochoroni ili asionekane, akihema kama mvukuto. Baadaye pumzi ikakaa sawa, ngazi zikaacha kumsumbua, na ile wiki ya tatu ikamkuta barabarani na kumwacha barabarani. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Asubuhi moja alimwona wifi, ambaye alikuwa mpishi wa shule ya jirani, amesimama nje ya duka la mikate akisubiri lifunguliwe. Fundi akakaza mwendo. Akainua kidevu, akampungia mkono kama malkia anayewapita raia wake, na mguu wa kulia ukakanyaga hewa pembeni mwa barabara. Kifundo kikateguka. Akaanguka puu.

Wifi ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alicheka, hilo halina ubishi, lakini alicheka huku amemshika kiuno, akamsaidia kuchechemea mpaka zahanati bila kukumbuka tena mkate.

Daktari alibonyeza hapa, akabonyeza pale. "Mfupa mzima. Ni kano zimevutika. Weka barafu, funga bandeji, mguu ulale juu ya mto. Usikimbie mpaka uweze kusimama kwa mguu huo peke yake bila maumivu."

"Na mikono?"

"Mikono imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ndiyo maana nauliza."

Daktari akatabasamu. "Mikono haina kosa, mama. Itumie."

Nyumbani pole zilimiminika, na pole ni tamu. Mumewe, fundi rangi, mtu mpole asiyependa kelele, alimletea chai kitandani, akamwekea mto chini ya mguu, akafuta tope kwenye raba zake na kuzipandisha juu ya kabati. "Umejitahidi, mke wangu," alisema. "Safari hii umefika mbali. Sasa pumzika."

Kesho yake alilala mpaka jua likaingia dirishani, na ukweli ni kwamba alifurahi. Kuku na gitaa aliviacha bila hata neno la daktari. Safari hii alikuwa na bandeji ya kumtetea. Hakuna ambaye angemlaumu. Alijinyoosha, akafumbua macho vizuri, akatazama juu. Raba zake zilikuwa zimelazwa sambamba na gitaa.

Akaketi wima kitandani.

"Baba watoto! Hebu nishushie hizo raba."

"Mguu wenyewe huo…"

"Mguu una shughuli yake. Zishushe uziweke mlangoni. Umeshanizikia viatu nami bado mzima!"

Tangu siku hiyo mguu wa kushoto ukajifunza kukanyaga cherehani, kwanza kwa kigugumizi kama mtoto anayesoma silabi, kisha kwa kuteleza. Na kila alipomaliza vazi, fundi aliinua pasi zake mbili za mkaa, tupu na baridi, moja kila mkono, juu na chini mpaka mabega yaungue. Wifi alipoingia kumjulia hali alimkuta katikati ya zoezi.

"Wifi, hiyo nguo unayoipiga pasi hewani ni ya nani?"

"Yako. Kaa nikupime."

"Hebu acha. Koleo limevunjika, kubali yaishe."

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na hili halijavunjika, limepinda tu."

Wifi akazichukua zile pasi aone kuna ugumu gani. Mikono iliyozoea kukoroga masufuria ya shule nzima haikutetemeka. Lakini alipoambiwa akae kitini anyooshe miguu yote miwili mbele, asiishushe, uso ulimbadilika. "Hii nayo ni kazi?" alinong'ona. Kesho yake akarudi, akisema amekuja kuazima uzi. Uzi hakuondoka nao.

Siku fundi aliposimama kwa mguu wa kulia peke yake na asisikie maumivu, hakumwambia mtu. Alivaa raba alfajiri, akafungua mlango, akamkuta wifi nje amevaa viatu vya jikoni, vile visivyoteleza.

"Nakusindikiza tu," wifi alisema. "Ukianguka tena nani atakuokota?"

Walikwenda mwendo wa kutembea, kisha wakakimbia kidogo, kisha wakatembea. Fundi alikuwa akitazama chini, anakanyaga kwa akili. Walipofika mbele ya ukuta wa shule akasimama, akageuka.

"Umechoka?" wifi aliuliza, mkono mbavuni.

"Wala."

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Sasa mbona unageuza?"

"Kwa leo inatosha. Nikiongeza, ni maringo tu, na maringo nimeshayalipia."

Wifi alimtazama kama mtu aliyeuziwa kitambaa asichokijua. Kisha akainama, akihema. Fundi akamshika mkono, wakaanza kurudi taratibu.